Kusalimia Hakumo Kwenye Fomu

Aliyenikata mkono ni msimamizi wa zamu. Watu husema ni mashine, na hata karatasi ya hospitali imeandikwa mashine, lakini mashine haiwezi kujivua kava. Kava ya mkanda aliivua yeye, asubuhi, kwa mikono yake, kwa sababu ilikuwa imelegea na inagonga, na hakutaka kusimamisha kinu kusubiri fundi. Wageni waliotaka kununua kiwanda walikuwa njiani. Akatuambia, "Kaeni mbali na mkanda, basi." Chumba chenyewe ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa kuta. Saa nne mkanda ukanasa koti langu la kazi. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia, na hakukimbilia kwenye swichi.

Huyo ni wa kwanza. Sitaandika jina lake wala la mtu mwingine humu. Si kwamba nawaogopa. Wana watoto, na watoto wao hawajanikosea kitu. Vyeo vinatosha, wenyewe wakisoma watajijua. Wa pili, ambaye ndiye hasa nimekaa kumwandika, hakunikata chochote. Yeye alinipa mkono.

Nilikuwa mshonaji wa magunia kwenye kiwanda cha unga hapa Songea. Kazi ile ilikuwa ya wanawake. Gunia likishajazwa unakunja mdomo wake, mkono mmoja unashika sikio la gunia ulivute likaze, mkono wa pili unapitisha shazia, ile sindano nene, na kamba ya katani. Ukilegeza sikio, mshono unacheka, na gunia likirushwa kwenye lori linamwaga. Kwa mkono mmoja huwezi. Nilijaribu nyumbani kwa kushika sikio kwa meno, nikajitoboa mdomo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kule mtaa wa Majengo maduka yanafunguliwa kila wiki, mitumba imejaa mpaka barabarani, na huku viwanda vya serikali vinauzwa kimoja kimoja. Nilipotoka hospitalini, cha kwetu kilikuwa kimeshauzwa. Meneja mpya, kijana aliyevaa tai hata Jumamosi, alitukusanya uani akasema yeye hana ugomvi na mtu. Kila mshonaji atashona mbele yake siku atakayoitangaza, gunia litaangushwa kutoka juu ya rundo, mshono ukishika jina linaandikwa. Ukifumuka, kwaheri. Wasimamizi hawatapimwa, alisema, kwa sababu kazi yao ni ya kichwa.

Nikanyoosha mkono uliobaki. "Na mimi?"

Akatazama kigutu changu nilichokifunga kitambaa. "Wewe mama, ukishona kama wengine, nitakuandika kama wengine. Mimi sibagui."

Baadhi ya wenzangu walicheka. Siwalaumu, nao walikuwa na hofu zao.

Nilikuwa na watoto wawili na chumba cha kupanga Bombambili. Mume wangu alikwenda kutafuta kazi migodini, akaipata, akapata na mke wa huko huko. Kazi ikiondoka, kilichobaki ni kurudi Madaba kwa mama, na Madaba watu wanalima. Jembe nalo linataka mikono miwili. Kwa hiyo ninaposema kwamba nilikuwa tayari kumfuata mtu yeyote atakayeniahidi mkono, msomaji asinione mjinga.

Huyo mtu alikuja na gari la chuo kikuu. Alikuwa mhadhiri wa uhandisi, tukimwita daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Muuguzi mmoja alitufafanulia kwamba ni udaktari wa vitabu. Alikuwa anazunguka hospitali za mikoani akitafuta watu waliokatwa chini ya kiwiko, ambao misuli yao ya mkono imebaki hai. Alinishika kigutu akaniambia, "Kunja vidole."

"Vidole vipi, daktari?"

"Vile vile ulivyokuwa navyo. Kunja."

Nikakunja vidole ambavyo vilishazikwa nyuma ya hospitali. Chini ya ngozi mnofu ukavimba kidogo kama panya anayepita chini ya blanketi. Daktari akamtazama mwenzake, fundi wa maabara aliyefuatana naye, akasema, "Huyu." Neno hilo moja. Nililia, sikatai.

Walinipiga plasta kupata umbo, wakaondoka, wakarudi mavuno yalipoanza na sanduku la bati. Ndani yake ulikuwa mkono. Vidole vya aluminiamu, vitatu vinatembea, viwili vya mapambo. Kwenye ncha za vidole walikuwa wamegundisha mpira wa tairi la baiskeli ili visiteleze. Mota, fundi aliniambia kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya ukoo, ilitoka kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Betri inakaa kwenye kifuko kiunoni. Juu kuna ala ya ngozi ambayo kigutu kinaingia mpaka karibu na kiwiko, na ndani ya ala, pale juu kabisa, kuna vifuko viwili vya mpira. Mnofu wa mbele ukivimba unasukuma kifuko cha mbele, mkono unafunga. Mnofu wa nyuma ukivimba, unafungua. Ndiyo elimu yote. Nilihitaji siku mbili kuielewa, na daktari alisema wanafunzi wake walichukua wiki.

Wao walipanga gesti Majengo kwa mwezi mzima. Kila baada ya siku mbili tatu walikuja kwangu, daktari na kalamu, fundi na bisibisi. Daktari alikuwa na fomu. Anasoma, mimi nafanya, anaweka alama. Kushika kikombe. Kufungua mlango. Kubeba ndoo. Nilipomweleza habari ya kupimwa kule kiwandani, macho yake yakawaka. Akaongeza mstari kwa mkono wake mwenyewe: kushona gunia. Akaniambia, "Mama, ukifaulu hilo mbele ya watu, wewe unapata kazi na mimi napata ninachokitaka. Tuko pamoja." Wakati huo niliamini kwamba pamoja maana yake ni pamoja.

Fundi ndiye aliyekaa nami kufanya mazoezi. Alinunua magunia mabovu sokoni, akajifunza kushona mwenyewe ili ajue mkono unavuta wapi. Alikuwa mtu wa utani. "Dada, wewe ukiajiriwa mimi naacha chuo, nakuja tushone wote."

"Kwa mshono huo wako? Watakufukuza kabla ya chai."

"Basi nitakuwa msimamizi. Si umesema hao hawapimwi?"

Mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nashona kwa kushoto, mkono wa chuma umeshika sikio, na gunia nilipolipiga teke halikutoa hata vumbi.

Ndipo mama yangu akaja kutoka Madaba. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe ameota mkono, akataka kuuona kabla hajafa, kama alivyosema mwenyewe, ingawa hakuwa mgonjwa wa kitu. Nilimpokea mlangoni. Nikapiga goti, nikampa mkono wa chuma, na mkono wangu wa kushoto ukaja kushika ule wa kulia pale chini ya kiwiko, kama ilivyo adabu. Kwetu mkubwa wako humpi mkono mmoja mkavu. Wa kushoto lazima uje uushike wa kulia, uonyeshe kwamba umetoa mwili wote. Mkono wa kulia ukienda peke yake ni kama umemtupia.

Mkono wa chuma ukafunga. Niliuona ukifunga, sikuuambia. Mama akasema, "Mwanangu, kitu chako kinauma." Nikashtuka, na mtu akishtuka hukamata zaidi, na ukazidi kufunga. Nilipoachia wa kushoto ili nimshike mama, ndipo ukatulia, nikaweza kuufungua. Vidole vya mama vilikuwa na alama za mpira wa baiskeli.

Akavipuliza, akasema kwa Kingoni kwamba hata mbwa wake wa Madaba huanza kwa kunguruma.

Nilikaa usiku huo naufikiria nikaona sababu. Vifuko viko pale pale ambapo mkono wa adabu unashika. Ala ni ya ngozi, laini. Ukishika kwa nje, kifuko cha mbele kinadhani ni mnofu. Mimi niliishia darasa la nne, na nililiona hilo bila kufungua kitu.

Jumatatu daktari alipokuja nikamwambia. Nikamwonyesha, nikashika, mkono ukafunga hewani.

"Ulikuwa unamsalimia nani?" akauliza.

"Mama yangu."

"Na ulibonyeza hapa."

"Sikubonyeza. Nilisalimia."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na ndiyo maana nilichelewa kumchukia. Fundi akasema, "Daktari, mimi naona tuliandike hili. Huku wote wanasalimia hivi. Hata kwetu."

"Tuliandike wapi?" Akaigeuza fomu akaipitishia kidole. "Kikombe. Mlango. Ndoo. Kifungo cha shati. Gunia. Kusalimia hakumo."

"Si uongeze," nikasema. "Gunia uliliongeza."

"Gunia ni kazi, mama. Huu mkono tumeutengeneza kwa ajili ya kazi."

Fundi akasema kuna kipande cha bati la kopo, anaweza kukiweka kati ya ngozi na vifuko, shughuli ya saa moja. Daktari akakataa. Akasema ukibadilisha kifaa katikati ya majaribio, matokeo yote ya mwezi yanakufa, hakuna atakayeyasoma. Kifaa kitabaki kilivyo mpaka siku ya mwisho. "Mama, wewe usishike tu. Salimia kama watu wa mjini."

Mimi nilikuwa mtu wa mjini. Nilikaa Bombambili miaka tisa.

Nilijaribu. Jumapili kanisani, wakati wa kutakiana amani, niliukalia mkono wa kushoto. Nikatoa wa chuma peke yake, mkavu, kwa mama mmoja wa jumuiya yetu mwenye umri wa kunizaa. Aliupokea, akauangalia, akaniangalia, akasema, "Hongera. Sikujua kama umepata cheo." Waliokuwa benchi la mbele wakageuka. Sikurudi kanisani wiki iliyofuata.

Siku ya kupimwa ikatangazwa. Nikamwomba daktari kitu kimoja, mbele ya fundi, uani kwangu. Nilimwambia, siku hiyo mwenye kiwanda atakuwepo, ni mtu mzima. Waambie mapema kwamba mimi sitatoa mkono, nitapiga goti na kuamkia kwa mdomo tu. Ukiwaambia wewe watasikia. Nikisema mimi, nitaonekana nina kiburi, na mwenye kiburi haandikwi.

"Nitawaambia," akasema.

"Utasema kabla?"

"Mama, nimesema nitawaambia."

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, ule upepo wa Juni unaopita Songea kama umetumwa. Ghalani wanawake tumepangwa mstari, kila mmoja na shazia yake. Meneja na tai yake, karani na daftari kwenye meza, msimamizi wa zamu amesimama nyuma yao akiwa ameshika mikono yake miwili mgongoni. Mwenye kiwanda alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Mzee mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine, kanzu, koti juu, kofia nyeupe. Hakuwa na makuu. Kila gunia lililoshika aliitikia kwa kichwa kama anayehesabu heri zake.

Wawili walifumuka kabla yangu. Mmoja tuliajiriwa naye siku moja. Alichukua ndala zake akatoka.

Nilipoitwa, nilihisi jasho linashuka ndani ya ala, na jasho halikuwa zuri kwa vile vifuko, vinateleza. Nikakunja mdomo wa gunia. Nikakunja vidole visivyokuwepo. Mkono ukasita, nikasikia mota inanung'unika, halafu ukashika sikio. Nikaanza kushona. Sikumtazama mtu. Katikati ya mshono mkono ukalegea kidogo, nikasikia fundi akivuta pumzi nyuma yangu, nikakaza mnofu wa mbele mpaka kigutu kikaniuma hadi begani, na sikio likakaza tena. Nikafunga fundo la mwisho kwa meno.

Wapagazi wawili wakalipandisha juu ya rundo. Wakaliachia. Lilianguka kwa ubapa, sakafu ikatikisika, vumbi likaruka. Meneja akaliendea, akalipindua kwa kiatu, akainama kuukagua mshono kidole kwa kidole. Nadhani alitafuta kasoro.

"Andika," akasema.

Karani akaandika. Niliona jina langu likiandikwa, herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa peni ya bluu. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitaka kutoka pale pale, niende nyumbani nikiwa bado nimeandikwa.

Lakini mzee alikuwa ameshanyanyuka. Alikuja mpaka nilipo, anatabasamu, anasema, "Mashaallah, mashaallah." Nikapiga goti. "Shikamoo, mzee." Mkono wa kushoto nimeushikiza kwenye kitenge changu, nimeukunjia kitambaa. "Marahaba, mwanangu," akasema, na akasimama tu, hakuomba kitu. Yangeishia hapo.

Daktari ndiye aliyesogea. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi. Akasema, "Mzee, huu mkono si wa kushona tu. Mama, mpe mzee mkono."

Nikamtazama. Nikatikisa kichwa, kidogo, aone yeye peke yake.

"Mpe, mama. Usiogope."

Mzee akatoa mkono wake. Ukawa umekaa pale, mbele ya uso wangu, mkono wa mtu mzima, na ghala zima linatazama. Sitasema kwamba sikuwa na akili wakati ule. Nilikuwa nayo yote. Nikikataa, nimemkatalia mwajiri wangu mkono dakika moja baada ya kuandikwa. Nikiutoa mkavu, nimemdharau mbele ya wafanyakazi wake. Nikaamua bora dharau, nitaomba radhi baadaye. Nikautoa wa chuma peke yake, wazi, nikagusa kiganja chake. Na yeye, kwa heshima aliyokuwa nayo yule mzee, akainama na kuleta mkono wake wa pili, akaupokea wangu kwa mikono miwili.

Hapo ningefanyaje? Mkubwa ananiinamia, mimi niko na mkono mmoja. Wa kushoto ukatoka kwenye kitenge. Siwezi kusema ulikuja wenyewe. Niliuona ukija. Nilidhani nitagusa tu, kwa ncha za vidole.

Mkono ukafunga.

Mzee akajaribu kuuvuta wake. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mama, niachie." Nikajaribu kukaza mnofu wa nyuma. Jasho lilikuwa limehamisha vifuko, na ule wa kushoto nao, badala ya kutoka, uling'ang'ania, maana mwili wangu wote ulikuwa unataka kuuvuta ule mkono wa chuma utoke kwa mzee. Daktari alikuwa anasema, "Legeza, legeza, legeza." Fundi akarukia kiunoni kwangu akachomoa waya wa betri.

Mota ikanyamaza. Vidole havikufunguka. Kumbe mkono ule ukikosa umeme unabaki ulivyo, giya zake hazirudi nyuma bila kuzungushwa. Hilo nalo walilijua wenyewe. Bisibisi ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku ndani ya gari, gari nje ya geti. Fundi akakimbia. Nilibaki nimepiga goti, nimemshika mzee, yeye ameinama, nyuso zetu ziko karibu kama za watu wanaonong'onezana. Alikuwa anasoma kitu kwa Kiarabu, pole pole. Mara moja akasema, "Niachie, mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe." Nikamwambia, "Mzee, si mimi." Hilo ndilo nililosema. Nimelirudia kichwani miaka yote hii na bado naona lilikuwa jibu sahihi.

Fundi alirudi akazungusha skrubu, vidole vikaachia kimoja baada ya kingine. Kidole cha kati cha mzee kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwenye ukucha na kimevimba. Alikifunga kwa leso. Meneja alitaka kunisogelea, mzee akamzuia kwa ishara. Kisha akamgeukia daktari.

"Imekuwaje?"

"Ni hofu, mzee," daktari akasema. "Amepaniki. Unajua tena, kifaa cha kisasa, na elimu yake ni ndogo."

Nikasema, "Daktari, waambie."

"Mama, tutaongea baadaye."

"Waambie sasa. Nilikwambia Jumatatu ile. Nilikuonyesha. Nilikuomba uwaambie sitatoa mkono, ukasema utawaambia." Kila neno lilitoka. "Ukishika hapa, unafunga. Siyo hofu."

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, na hapa ndipo maisha yangu yalipokuwa, kwenye swali hili moja: "Ni kweli alikwambia?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo. Angelisema, mzee yule angenielewa, naamini hivyo, maana alikuwa bado ananitazama kama mtu. Meneja angenung'unika, basi, na jina lingebaki.

Daktari akasema, "Mzee, wakati wa majaribio watumiaji husema mambo mengi."

Mzee akahamisha macho kwa fundi. Fundi alikuwa amepiga goti ananifungua mikanda, ameinamia skrubu ambayo tayari alikuwa ameshaifungua. Akaendelea kuizungusha. Huyo ni wa tatu kwenye orodha yangu, na ndiye aliyeniuma kuliko wote, kwa sababu tulishona naye.

Meneja akamwambia karani, "Futa." Karani akaweka rula, akapiga mstari ulionyooka. Mzee hakusema afute, wala hakusema asifute. Alitoka na kidole chake. Msimamizi wa zamu ndiye aliyenishika kiwiko kunipeleka getini, kwa upole, kama mtu aliyefiwa.

Mkono waliuchukua pale pale. Daktari alisema ni mali ya kitivo. Aliandika kitu kwenye daftari lake akiwa amesimama karibu na gari, kwa Kiingereza, nikamwambia asome. Akasema siyo lazima. Nikasimama mbele ya mlango wa gari. Akasoma, kwa Kiswahili, bila kunitazama: mtumiaji aliingiwa na hofu, akashindwa kudhibiti kifaa.

"Andika chini yake kwamba mtumiaji alisema mapema."

"Mama, nina safari ndefu. Mpaka Makambako ni jioni."

"Andika. Mimi nitasogea."

Akafunga daftari, akapandia mlango wa upande wa pili. Dereva akarudisha gari nyuma, akanizunguka.

Tuliondoka Bombambili kabla ya mvua. Watoto wawili, magodoro, na mimi. Madaba mama alinifunga jembe mkononi kwa mpira, nikalima hivyo misimu miwili, nusu tuta wakati wenzangu wanamaliza matatu, mpaka kigutu kikatoka kidonda na nikaanza kuuza mkaa kando ya barabara ya Njombe, kwa debe. Hapo ndipo fundi aliponikuta. Alikuwa anapita na gari la kazi nyingine, akaniona, akamwambia dereva asimame.

"Dada. Habari za siku."

"Nzuri."

Akasimama anashika shika magunia ya mkaa. Akayatazama yalivyoshonwa, akajua ni nani alishona na kwamba alisaidiwa. Akasema wametengeneza mkono mpya. Juu ya vifuko wameweka gamba gumu, ukishika kwa nje haujui kitu. Daktari aliandika makala juu ya jambo hilo, kwamba aliligundua katika majaribio ya mikoani, na amepandishwa cheo. Alisema yote haraka, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa watu.

"Amepewa nani?"

"Nani?"

"Huo mkono mpya."

"Seremala mmoja. Wa kule kwao daktari."

"Yuko kazini?"

Fundi akatazama barabara. "Yuko kazini, dada. Anafanya vizuri sana."

"Ulipoulizwa na yule mzee ulikuwa umesikia?"

"Nilisikia."

Nilimngoja aongeze. Alikuwa na mke na kazi ya chuo, najua. Angeweza hata kuniambia hayo. Akaingiza mkono mfukoni, labda alitaka kununua mkaa, nikamwambia huu umeshalipiwa na watu wengine. Gari lilipoondoka nilikuwa bado sijamaliza kufunga gunia la mwisho, nikamwita mwanangu wa kike aje anishikie sikio.